Filamu ya Jiwe

Jiwe lilipotokea mara ya tatu, mtu akauliza kutoka nyuma, "Mashine imeganda?"

"Haijaganda, mzee," Falaniko akajibu. "Tazama vizuri, wimbi linatembea."

"Aa."

Tukalitazama wimbi. Likaja, likarudi. Jiwe lenyewe kila mtu alilijua, lile jeusi la ufukweni nyuma ya kanisa, ambalo hakuna mtoto wa kijiji hiki ambaye hajalikojolea. Sasa lilikuwa limejaa shuka zima jeupe la mama mchungaji, halina haraka, na filamu ilikuwa na saa mbili na robo.

Falaniko alisimama kando ya projekta akijifanya anashughulika na nyaya. Ni mtoto wetu, alilelewa hapa kisiwani Savai'i na mama yake mkubwa, Fuatino, mpaka alipopelekwa Auckland kwa wazazi wake, na huko akasomea filamu. Miaka miwili nyuma alirudi na kamera akapiga kijiji kizima. Ilibidi iwe kizima. Kwetu huwezi kuingia nyumba moja na kamera ukairuka ya jirani, utaanzisha vita. Kwa hiyo alimpiga kila mtu, na leo kila mtu alikuwa amekuja nyumba ya mikutano na mkeka wake kujitazama. Hakuna aliyekuja kutazama filamu. Falaniko hakulijua hilo, na ndilo kosa la kwanza la mtu aliyesoma mno.

Basi ikawa hivi: mtu akishajiona, anaondoka. Mama mchungaji alipita kwenye shuka na kofia yake nyeupe muda wa kupepesa jicho, akajipigia makofi, akakusanya watoto wake wakaenda. Vijana wa raga walionekana kwa mbali wakicheza ufukweni, wadogo kama chawa. Wakabishana nani ni yupi, wakakosa jibu, wakaondoka wote.

Na kuondoka kwetu kuna adabu yake. Hupiti wima mbele ya watu waliokaa. Unainama mgongo ukawa sawa na meza, unasema "tulou, tulou", maana yake niwieni radhi, unapita. Lakini projekta ilikuwa imewekwa katikati ya mikeka, na mwanga wake ulipita chini. Kila aliyeondoka aliinama akaingia moja kwa moja kwenye picha. Juu ya jiwe la Falaniko vikawa vinapita vivuli vya watu waliopinda, tulou, tulou, kimoja baada ya kingine, na kusema kweli hapo ndipo filamu ilipopata vitendo.

Chifu Taliaoa alivumilia zaidi ya wengine, kwa sababu yeye alihutubia mbele ya kamera ile asubuhi nzima, na fimbo yake mkononi. Hotuba yake ilipofika, tuliona wayo. Wayo wake wa kushoto, una vumbi, na sauti ya bahari juu yake.

"Mimi hapo?" akauliza chifu.

"Ndiyo, mheshimiwa. Ni ile nguvu ya… ya ardhi."

"Nimetaja nasaba ya kijiji hiki tangu mwanzo wake. Nimetaja mpaka watu ambao baba yako hawajui. Nawe umechukua unyayo?"

"Ni mtindo, mheshimiwa."

"Mtindo," akasema chifu. Akainuka. Yeye hakuinama kwa mtu yeyote, kwa hiyo kivuli chake kikapita kimenyooka.

Jioni nyingine Falaniko angelia. Kule Wellington filamu hii ilipigiwa makofi na watu wenye miwani, na sasa ilikuwa inakimbiwa na shangazi zake. Lakini moyoni mwake kulikuwa na jambo lililomfanya ahesabu kila mkeka unaokunjwa kwa shukrani. Alitaka mtu mmoja tu akate tamaa na kuondoka, na mtu huyo alikuwa amekaa mbele kabisa, gauni la kanisani limepigwa pasi, upepeo mkononi, hatikisiki.

Mama Fuatino alikuwa anamsubiri mumewe.

Baba mkubwa Pouvi alifariki mwaka jana, na hakuacha picha ila ile ya harusi, amenuna kwa sababu viatu vilikuwa vya kuazima. Picha inayotembea, inayotoa sauti, hakuna. Ila Falaniko alimpiga. Kijiji kizima kilimwona akimpiga, siku nzima, baba mkubwa juu ya kibao cha mbuzi akikuna nazi. Mama Fuatino alikwishawatangazia ndugu zake wote kuanzia Apia mpaka Brisbane kwamba Jumamosi anamwona mzee. Na kwenye filamu hakuwamo. Falaniko alimkata. Kila alipompiga, mzee aliinua macho akatazama kamera, akaanza kuzungumza nayo, picha ikaharibika. Alimkata mzee akiwa hai bado, akijiambia atampiga tena mwaka ujao. Maji yakimwagika hayazoleki.

Walipobaki watu wanane, akaenda kuchuchumaa karibu naye.

"Mama, hujachoka?"

"Nimechoka sana. Hili jiwe litafanya nini?"

"Halifanyi kitu. Nenda kapumzike, mama. Filamu yenyewe mbaya."

"Mbaya kweli," akasema Mama Fuatino bila kinyongo. "Baba yako keshapita?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Falaniko akafungua kinywa, kikatoka kingine.

"Bado."

"Basi nasubiri."

Akarudi kwenye nyaya zake. Njia ya mwongo fupi, na yeye alijua yake imebakiza dakika arobaini. Akarudi kwa mama na bakuli la kakao ya moto na magimbi. Mama Fuatino akala huku macho yako kwenye shuka. Falaniko akamwambia mvua inakuja.

"Nyumba ina paa," akasema mama.

Akamwambia mbwa ameingia jikoni kwake.

"Mbwa yule hana meno. Wewe mtoto una nini leo? Mtu anatengeneza filamu halafu anafukuza watazamaji?"

Wale saba wakaondoka mmoja mmoja. Wa mwisho, fundi wa mitumbwi, alikuwa amelala, akaamshwa na mkewe, akasema tulou akiwa usingizini, akainama upande usio na mtu. Wakabaki wawili na jiwe.

Kisha shuka likawa jeusi na majina yakaanza kupanda. Mama Fuatino akasogea mbele, akasoma kwa kidole hewani. Jina la Pouvi likaja, likapanda, likatoweka. Mwanga ukabaki mweupe mtupu.

"Jina nimeliona," akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Nilimkata, mama."

"Ulimkata nini?"

"Nilimtoa kwenye filamu. Alikuwa anatazama kamera. Aliharibu picha. Nisamehe."

Mama Fuatino hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikunja upepeo wake polepole, akauweka magotini.

"Mwanangu," akasema, "jiwe hukulikata."

Falaniko alilia hapohapo, mtu mzima na ndevu zake. Akilia hivyo hivyo akaivuta kompyuta, akaanza kufukua humo ndani, kwa sababu vile alivyovikata hakuvitupa. Wapiga filamu hawatupi kitu, ni kama bibi na makopo. Akapata.

Baba mkubwa Pouvi akatokea kwenye shuka, kifua wazi, amekaa juu ya kibao cha mbuzi na nusu ya nazi mkononi. Mama Fuatino akashika mdomo.

Sauti ya Falaniko ikasikika nyuma ya kamera: "Baba, usinitazame. Fanya kama sipo."

Mzee akainamisha kichwa. Akakuna mara mbili. Akainua macho.

"Umekula?"

"Baba, tafadhali. Sipo hapa."

"Haya." Akakuna. Akainua macho. "Njoo ule kwanza."

"Baba!"

"Baba nini? Mtu amesimama mbele ya nyumba yangu tangu asubuhi, jua linamchoma, nami nikune nazi kama simwoni? Mimi mbwa? Fuatino! Mletee huyu mtoto shelisheli!"

Kutoka mbali ndani ya picha sauti ya Mama Fuatino mwenyewe ikajibu kwamba ana mikono miwili tu.

Spika zilikuwa kubwa, za kanisani, na nyumba zetu hazina kuta, ni nguzo na paa tu. Sauti ya Pouvi ilivuka barabara. Taa zikawaka huku na huku. Mama mchungaji akaja amejifunga kanga ya kulalia, vijana wa raga wakaja, chifu Taliaoa akaja bila fimbo, wakasimama kuizunguka nyumba, kila mmoja kwenye nguzo yake. Mzee akakuna tena, akaacha, safari hii akasogeza uso karibu kabisa, akatazama ndani ya kioo cha kamera kama mtu anayechungulia kisima.

"Na nyinyi mliomo humo ndani," akasema, "karibuni chakula."

"Asante, tumeshiba," akajibu Mama Fuatino kutoka mkekani, kama inavyojibiwa.

"Asante, Pouvi, tumekula," akasema chifu kwenye nguzo yake. "Tumekula, mzee," wakasema vijana, na mmoja akajifuta pua.

Mzee akawasubiri kidogo, kama anayewapa nafasi ya kubadili mawazo. Kisha akatupa kifuu.

"Basi mimi naenda kula. Ukichoka na hayo mawe yako, chakula kipo."

Akainuka akishika kiuno, akajifuta mikono, akatoka pembeni mwa picha. Kikabaki kibao cha mbuzi, na kuku mmoja aliyekuja kudonoa machicha. Falaniko akanyoosha mkono kwenye kitufe.

"Usizime," akasema Mama Fuatino.

"Keshaondoka, mama. Hakuna kingine humo."

"Nimemwona akiondoka. Acha tu. Huenda akarudi."

Falaniko akauondoa mkono, na sisi wote tukakaa chini kukitazama kibao.