Ng'ombe wa Kapteni Telesfori

Mimi sipendi mtu anayekula huku anabishana. Anayebishana hajui alichokula, na nikipika nataka chakula kijulikane. Lakini Alhamisi ile niliwaacha marubani wangu wabishane mpaka ugali ukapoa, kwa sababu habari waliyoipata ilikuwa mbaya kweli.

Nina nyumba ya wageni hapa Nsemulwa, vyumba sita na jiko la uani. Kwa miaka kumi na tisa marubani wa kampuni ya Kipungu wamekuwa wakilala kwangu. Kapteni Telesfori, Mfipa wa Sumbawanga, mrefu, mwenye kujisifu bila kuona haya, alikuwa akileta abiria Jumatatu na Alhamisi. Nashon, mdogo kwake kwa miaka zaidi ya ishirini, alikuwa akileta watalii wa mbugani mwisho wa wiki. Kwa ratiba hiyo walikuwa hawakutani. Siku hiyo walikutana kwa sababu ndege ya Kapteni ilipasuka tairi hapa Mpanda, na Nashon akatumwa kuleta jingine. Mafundi wakabaki uwanjani, wao wakaja kwangu kula migebuka.

Hawajamaliza hata tonge la tatu, simu zao zikalia kwa pamoja. Ujumbe ulitoka ofisini. Kampuni inafungwa mwisho wa mwezi, na ile michango ya pensheni waliyokatwa kwenye mishahara haikupelekwa kwenye mfuko kwa miaka kumi na mmoja. Ilikokwenda haikuelezwa.

Nashon alikuwa bado na miaka mingi ya kuruka. Kapteni alikuwa anatimiza sitini na tano Jumamosi, na sheria haimruhusu kurusha abiria akishafika hapo. Kiinua mgongo alichokuwa akikitegemea kimeota mbawa, na yeye ndiye aliyekuwa anatua moja kwa moja. Nilijisikia vibaya, nikamwongezea samaki.

Ubishi ukaanza hapo. Nashon alisema mwajiri ndiye wa kulipa. Mtu akikutumikia, uzee wake uko shingoni mwako, na kama umekula pensheni yake uitapike. Alipiga meza mara tatu, na mara tatu nikakisogeza kikombe. Kapteni akasema mwanaume anayengoja mwajiri amlee ni mtoto mwenye ndevu, na kwamba mtu hujiwekea mwenyewe. Nashon akauliza serikali ilikuwa wapi miaka yote hiyo. Kapteni akasema yeye hakufunga ndoa na serikali. Nikachomekea kwamba zamani watoto ndio walikuwa pensheni. Kapteni akanijibu kuwa yeye ana watoto wanne, na simu zao anazipata wakiishiwa.

Halafu akafuta midomo, akajiegemeza, na ile sura ya majivuno ikarudi. Akasema kwamba hata hivyo yeye hana wasiwasi, kwa kuwa alijiongeza mapema. Ana ng'ombe sitini na wawili.

"Wapi?" Nashon akauliza.

"Litapunga. Kwa Msukuma mmoja. Nawahesabu kila nikija, kabla sijashusha magurudumu."

Nashon akaliweka tonge chini. Akauliza kama boma hilo liko karibu na bwawa lenye umbo la figo. Kapteni akasema ndilo. Akauliza kama pana bati jipya na bati kuukuu kwenye paa moja. Kapteni akasema ndilo. Akauliza kama kuna dume jeusi ambalo kila siku linasimama peke yake.

"Dume langu hilo," Kapteni akasema.

"Dume lako vipi, mzee? Hilo dume ni langu. Na hao sitini na wawili ni wangu, nimewahesabu Jumapili."

Mimi nikaanza kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Ukweli ni kwamba niliyewapeleka wote wawili kwa Masele, huyo Msukuma wa Litapunga, ni mimi. Wasukuma wana desturi wanayoiita kubilisa. Wewe mwenye ng'ombe na usiye na boma unampa mwenzako akutunzie. Yeye anakunywa maziwa, anatumia samadi, na baada ya muda anapewa ndama mmoja kwa jasho lake. Hakuna karatasi. Kuna shahidi tu, na shahidi nilikuwa mimi. Kapteni alikabidhi mitamba minne, miaka kumi na mmoja iliyopita. Nashon alikabidhi miwili, miaka sita baadaye. Kila mmoja aliniapisha nisimwambie mtu, eti wenzao watawacheka kwamba rubani mzima anafuga. Nikanyamaza. Kunyamaza nako nikalipwa jogoo, tena mara mbili, na sioni aibu kulisema.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kila mmoja, akipita juu na kuona kundi, alilichukua lote kuwa lake.

Walipogeuka wote kunitazama niliwaambia wavae viatu. Tukakodi Probox, tukaenda Litapunga, na njia nzima hakuna aliyemsemesha mwenzake. Kapteni alikaa mbele, akimlaumu dereva kwa kila shimo.

Masele tulimkuta amesimama na fimbo yake mabegani, ng'ombe wametawanyika kwenye mabua ya mahindi yaliyovunwa. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, mkimya, mguu mmoja anauburuta tangu alipopigwa pembe. Alifurahi kweli. Alikuwa hajawahi kuwaona marubani wake tangu siku ya kukabidhiana.

"Mayu, leo umewaleta," akaniambia; ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. "Karibuni. Nilidhani nyie mnaishi huko huko juu."

Kapteni hakutaka salamu ndefu. Alisema amekuja kuchukua ng'ombe wake. Masele akasema hakuna shida, awaonyeshe tu. Kapteni akaingia katikati ya kundi, akazunguka, akasimama, akazunguka tena. Ng'ombe walimtazama uso kwa uso na yeye akawatazama, na nikaona jasho linamtoka. Hakumjua hata mmoja. Miaka yote hiyo alikuwa amewaona migongo.

Basi akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naacha kazi nicheke. Alivua viatu, akapanda kichuguu. Akasimama kileleni na suruali ya kazi, tepe zake nne zinang'aa mabegani, akaweka kiganja juu ya macho. "Yule!" akasema. "Na yule mwenye baka kiunoni!" Nashon, kwa kuogopa kuibiwa, akapanda kichuguu hicho hicho kwa upande wa pili. Wakawa wanasukumana juu kule, watu wazima wawili waliosomeshwa nje ya nchi, kila mmoja ananyoosha kidole kwa mgongo ule ule. Kichuguu hakikujengwa kwa ajili ya marubani. Kiliporomoka, wakashuka nacho.

Masele alingoja wajifute vumbi. Kisha akafanya kazi aliyotakiwa kuombwa tangu mwanzo. Yeye hahesabu ng'ombe, huwataja. Alitaja wale wanne wa Kapteni, ambao aliwapa majina ya kazi ya mwenyewe: Ndege, Tairi, Mafuta na Abiria. Akaeleza nani alimzaa nani, mwaka gani wa ukame, nani alikufa kwa ugonjwa wa ndigana, nani alichukuliwa na fisi kule mtoni. Akataja waliouzwa ili kununua dawa za waliobaki, na kila mara alituma habari kupitia kwangu.

Na mimi nilizifikisha. Sifichi. Nilimwambia Kapteni mara ngapi kwamba Masele anakusalimu, anasema uje uone. Na Kapteni mara zote alinijibu kwamba ameshawaona, wako salama, tena wameongezeka.

Walipotajwa wote, wa Kapteni walikuwa tisa. Wa Nashon watatu. Waliobaki walikuwa wa Masele, wa kaka yake, na wa majirani. Dume jeusi lilikuwa la mwalimu mmoja wa Sitalike.

Kapteni alikaa chini kwenye udongo wa kichuguu. Nilimwona akizeeka pale pale, na kicheko changu kikaisha. Alikuwa ameamka asubuhi ana pensheni na ng'ombe sitini na wawili, na jua bado halijazama amebaki na tisa.

"Kwa hiyo na huku nimeibiwa," akasema.

Nikataka kumjibu mimi, maana neno hilo lilinichoma, lakini Masele aliniwahi. Hakupandisha sauti.

"Kampuni yako imekuonyesha nini, kapteni?"

Kapteni akavuta kiatu chake kimoja, akakikung'uta vumbi.

"Mimi nimekuonyesha tisa, na mama zao, na bibi zao. Waliokufa nimekwambia walikufa na nini. Sasa nani kakuibia?"

Nashon akaona aingilie. Akaanza tena hotuba yake ya mezani, safari hii kwa upole. Alimweleza Masele kuhusu kampuni na michango iliyopotea, kwamba wamechanganyikiwa tu, wasamehewe, na kwamba kosa lote ni la mwajiri, kwa sababu mtu akikutumikia uzee wake uko shingoni mwako. Hiyo ndiyo haki, akasema, na ingekuwa hivyo kwa kila mtu nchi hii ingenyooka.

Masele alimsikiliza mpaka mwisho, ameegemea fimbo.

"Hayo ni maneno mazuri," akasema. "Sasa na mimi niulize. Ndama wangu wa jasho mlionipa, wote nimewauza, nikawanunulia ng'ombe wenu dawa ule mwaka wa ndigana. Mguu huu hauendi mbali tena. Mwajiri wangu ni nani?"

Nashon aligeuka. Akamtazama Kapteni. Kapteni akanitazama mimi, kana kwamba shahidi anaweza kumpunguzia deni. Nikatazama pembeni. Niliona aibu, na jogoo wale wawili nikawakumbuka.

 Mwishowe Kapteni akainuka, akajipangusa suruali, akanyoosha kidole kwa mtamba mmoja mwekundu, mnene, aliyekuwa akila karibu.

"Yule," akasema. "Yule ni wako, Masele. Wa uzee wako. Na huyo hutamuuza kwa dawa ya ng'ombe wangu. Dawa nitanunua mwenyewe."

Masele akainamisha kichwa kushukuru. Kisha akakohoa.

"Yule ni wa Nashon, kapteni."

Nilicheka mpaka nikashika mti. Masele naye akacheka, na Kapteni akajaribu kununa akashindwa. Nashon ndiye aliyechelewa. Alimtazama yule mtamba, mmoja kati ya watatu aliokuwa nao duniani, na nikajua anapiga hesabu, maana na yeye pensheni yake imeliwa. Hakuna aliyemsukuma.

"Basi abaki palepale alipotajwa," Nashon akasema. "Awe wa Masele. Nimeshasema mwenyewe mwajiri alipe."

Kapteni hakutaka kuzidiwa na mdogo wake. Akamwomba Masele amwonyeshe mmoja aliye wake kweli, ili na yeye atoe. Masele akamshika mkono kama mtu anayemvusha kipofu, akampitisha katikati ya mikia, wakasimama mbele ya ng'ombe mzee mweupe mwenye pembe iliyovunjika. Akamwambia kwamba huyu ndiye Ndege, wa kwanza kati ya aliowaleta kwa mkono wake, na kwamba huyo ndama anayenyonya ni wa Ndege. Kapteni akamwekea ng'ombe kiganja shingoni, akakiacha hapo. Ndege akamlamba mkono.

"Sikujua kama ana joto hivi," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu wa kujisifu.

Akatoa ndama. Akabaki na wanane, akauliza majina yao upya, mmoja mmoja, na safari hii akayarudia.