Mistari Minne Myekundu

Watu wengi wakijenga ndege ya kivita ya plastiki huipaka rangi kama wanampamba bibi harusi. Inang'aa mpaka unajiona uso. Upuuzi mtupu. Ndege ya kivita haing'ai. Ina masizi nyuma, ina alama za buti kwenye bawa pale fundi anapokanyaga, ina kiraka cha kijivu kisichofanana na kijivu kilichokizunguka kwa sababu stoo iliishiwa ile rangi ya kwanza. Nayajua haya. Niliwahi kuzihudumia ndege hizo miaka kumi na minne kabla hawajanifukuza.

Siku hizi nazijenga juu ya meza ya chakula, ndogo, urefu wa kiwiko hadi ncha ya kidole. Wateja wangu ni daktari wa meno, mawakili wawili watatu, na wanajeshi wastaafu wanaotaka kuutazama ujana wao kabatini. Ana kwa ana wananiita Fundi. Nikipinda kona tu, mtaa mzima unaniita Kifuniko.

Binti mmoja alikuja Jumatatu asubuhi, na kasha la ndege limebanwa kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu ukae."

Hakukaa. "Mimi ni binti wa rubani," akasema.

Hakuhitaji kueleza rubani gani. Katika nyumba hii rubani ni mmoja tu. Pembeni ya dirisha cherehani ya mke wangu ikanyamaza.

Miaka kumi na tisa iliyopita baba yake aliruka asubuhi na ndege niliyoiandaa mimi. Dakika ya sita hewani, kifuniko cha ubavu wa kushoto, mbele kidogo ya tundu la kuvutia hewa, kiling'oka. Injini ikakimeza. Ndege ikaanguka kwenye shamba la watu, na rubani hakuwahi kujirusha nje. Ripoti ya tume ya uchunguzi ilikuwa na kurasa arobaini, lakini kila mtu alisoma sentensi moja tu: fundi hakukaza skrubu.

Nilikana. Nilikana mbele ya tume, mbele ya mke wangu, na mbele ya Mungu nikiwa nimepiga magoti. Na sikukana kwa uongo, naomba hilo lieleweke. Niliikumbuka bisibisi mkononi, nikazikumbuka skrubu zikigoma mwishoni, zimekaza kabisa. Mke wangu aliniamini. Dada yake, tumbo moja, alisimama jikoni kwetu akamwambia, "Mumeo kaua mtu, na wewe bado unampikia." Mke wangu akamfungulia mlango. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Hata kwenye maziko ya mama yao mmoja alisimama huku, mwingine kule, na kaburi katikati.

"Mafundi wa vitu hivi wapo wengi," nikamwambia binti. "Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyeigusa mwisho. Nataka ilivyokuwa asubuhi ile. Siyo ile iliyochorwa kwenye kasha."

Akatoa picha. Anafanya kazi kwenye duka la kusafisha picha, akanieleza, na mwaka jana mama yake alipofariki alikuta sandukuni kamera ya baba yake. Kikosi kiliirudisha pamoja na viatu na saa, filamu ikiwa bado ndani, na mama mtu hakuwahi kuthubutu kuipeleka ikasafishwe. Binti aliisafisha mwenyewe. Picha ya mwisho ilikuwa hii: rubani amesimama kando ya ngazi, kofia kwapani, mkononi ameshika utepe mwekundu wa tahadhari uliotolewa kwenye gurudumu, anacheka. Tarehe imejiandika kwenye kona. Nyuma ya bega lake, ubavu wa kushoto wa ndege yangu.

"Nilikaza," nikasema.

"Sijauliza, mzee."

"Nakwambia tu."

"Sawa. Mimi nimeleta kazi."

Alikuwa na ulimi kama wembe, na nikampenda kwa hilo.

Nikaanza siku hiyohiyo. Nikakata vipande kutoka kwenye fremu zake kimoja kimoja, nikavisugua kwa msasa laini, nikatengeneza mikanda ya kiti kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Rangi ya msingi, kisha kijivu cha chini, kisha kijivu cha juu. Nikapitisha rangi nyeusi nyepesi kama chai kwenye mifereji ya bati, nikafuta iliyozidi kwa pamba. Masizi niliyapata kwa kusaga risasi ya penseli. Hata kile kiraka kisichofanana nilikiweka, maana nilikipaka mimi, cha kweli, na nililalamika wiki nzima.

Jumatano jioni alirudi anahema. Alikuwa ameikuza picha, ubavu ule peke yake, ukubwa wa gazeti. Akaitandaza mezani juu ya mikasi na chupa zangu bila hata kuomba ruhusa.

"Nimeisoma ripoti yote," akasema. "Inasema kila skrubu ikishakazwa, fundi anachora mstari mwekundu, kuanzia kwenye kichwa cha skrubu mpaka kwenye bati. Skrubu ikilegea, mstari unakatika. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi tazama." Kidole chake kikatembea kwenye ukingo wa mbele wa kifuniko. "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ukingo mwingine umefichwa na bega la baba, lakini hizi nne zinaonekana, na hakuna hata mstari mmoja uliokatika. Hii ni dakika chache kabla hajapanda." Akanitazama, macho yamejaa. "Hukumuua baba yangu."

Miaka kumi na tisa nilikuwa nasubiri mtu yeyote, hata mlevi, aniambie maneno hayo. Nililia. Nililia vibaya, kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Mke wangu alikuja akanishika kichwa, na yeye analia, anamwambia binti, "Nilisema! Nilisema mimi!" Kisha akachukua simu akampigia dada yake, mbele yetu, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Shemeji alikuja Alhamisi. Amezeeka, goti moja linamsumbua, lakini alipiga goti lile lile bovu kwenye zulia letu. "Mdogo wangu, nisamehe. Shemeji, nisamehe." Walikaa kwenye kochi mpaka saa za jioni wameshikana mikono, wakihesabiana waliozaliwa na waliokufa. Mimi niliketi nikiitazama ndege yangu, na moyo ukawa mweupe. Huo ndio ulikuwa mchana wangu mmoja. Niliupata, siwezi kusema sikuupata.

Ijumaa, baada ya kula, ilibaki ile mistari minne.

Kazi yenyewe ni ndogo. Unachukua brashi, unaikata ibaki nywele mbili au tatu, unabana pumzi. Lakini rangi lazima ifanane. Nikasogeza meza kwenye mwanga wa dirisha, nikachanganya nyekundu, nikaweka tone kando ya picha. Ikapiga kelele, nyekundu mno. Nikaongeza kahawia kidogo. Bado. Nikaongeza tena. Nikasema moyoni, filamu ya zamani hii, rangi zimechuja. Kisha nikautazama utepe mkononi mwa rubani, kwenye picha ileile, jua lileile. Utepe ulikuwa mwekundu wa damu. Haukuchuja kitu.

Mistari yangu pale pichani ilikuwa rangi ya tofali.

Nilichukua lenzi. Mstari wa pili una ufa katikati, kama matope yaliyokauka. Wa nne umefifia mwisho. Hiyo si rangi ya asubuhi ile. Hiyo ni rangi iliyokwisha kukaa juani miezi.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi. Kanuni ilisema: ukishafunga kifuniko, kaza, kwangua mstari wa zamani, chora mpya. Lakini karakana yetu ilikuwa na njia yake ya mkato. Ukihitajika upande wa pili, unazungusha skrubu kwa vidole mpaka mstari wa kichwani ukutane na ule wa kwenye bati, ili kifuniko kikae mahali pake, kisha unakwenda. Ukirudi ndipo unakaza kwa bisibisi, unakwangua, unachora. Tuliita kufunga kwa macho. Sasa skrubu ni kitu cha kuzunguka: mstari wake hukutana kila inapomaliza mzunguko. Unaweza kukutana vizuri kabisa, na skrubu bado inadai mizunguko miwili.

Katika miaka kumi na minne sikuwahi kukaza bila kuchora upya. Sikuwahi hata mara moja. Nilikuwa najivunia hilo. Basi kama mstari ni wa zamani, sikurudi. Na hapo ndipo nikamkumbuka mtu wa mafuta akiniita, "Fundi, njoo unishikie mpira huu wa mafuta dakika moja!" Nikaenda. Bisibisi niliyoikumbuka miaka yote hiyo, zile skrubu zinazogoma, vilikuwa vya siku nyingine. Nilikuwa na siku nyingi za namna hiyo, na akili yangu ikajichagulia moja nzuri.

Nilitamani picha ile iungue. Nitasema ukweli, niliishika na nikalitazama jiko. Kisha nikachukua brashi, nikachora mistari minne, rangi ya tofali, na ule ufa.

Jumamosi binti alikuja na barua ya kurasa mbili kwenda makao makuu ya jeshi. Mke wangu alikuwa amevaa vizuri. Binti aliizunguka ndege mara tatu, akainama, akaona alama ya buti kwenye bawa, akacheka kicheko cha baba yake pale pichani. "Ndiyo yenyewe," akasema. Kisha akanipa kalamu. "Weka sahihi hapa, mzee. Wakusafishe jina."

Ningeweza. Sahihi yangu ni mkunjo mmoja tu. Nani angejua? Mafundi wenzangu wa zamu ile wawili wamekufa, na wafu hawaitwi kwenye tume. Lakini kumpaka mtoto wa watu mafuta kwa mgongo wa chupa, na baba yake anacheka palepale mezani, nilishindwa.

"Kalamu iweke kwanza," nikasema.

Nikamweleza yote. Rangi ya tofali, utepe, kufunga kwa macho, mpira wa mafuta. Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza aliichukua lenzi, akaiangalia picha, akaiangalia ndege, akairudia picha.

"Kwa hiyo hukukaza."

"Sikukaza."

"Ungenyamaza nisingejua."

"Usingejua."

"Mbona umesema?"

"Uliniambia nijenge ilivyokuwa."

Nikaona mkono wangu unatafuta chupa ya tina ya kufutia rangi. "Kama huitaki hiyo mistari, naifuta sasa hivi," nikasema. "Haichukui muda."

"Iache," akasema. "Baba alipita hapo akaiona imekutana. Akaamini, akapanda."

Akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni. Akainyanyua ndege kwa mikono miwili na kuilaza kwenye kasha lake. Kwangu hakuaga. Alipofika mlangoni alimwambia mke wangu, "Samahani, mama," kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Tukabaki wawili. Nilingoja matusi, na nilikuwa nayahitaji. Mke wangu aliutazama ule mlango muda mrefu.

"Ulipokuwa unaniapia," akasema, "ulikuwa unaamini?"

"Niliamini."

"Hata mimi." Akachukua simu. Mara hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Dada, hujambo? ... Eeh. Sikiliza. Ule msamaha ulioniomba juzi, nakurudishia. Hapana, usiseme kitu, nisikilize. Haukuwa wako wa kuomba. Nakuja huko sasa hivi."

Akajifunga kitambaa kichwani, akachukua mkoba, akatafuta viatu chini ya cherehani. Niliinuka ili nimsindikize hadi kituoni. Alifungua mlango, akasimama pale akinipa mgongo.

"Chakula," akasema, "utajipikia."