Babu Aliyetaga Mayai

Nyumba ya marehemu mama mkwe wangu ina tundu chini ya ukuta, upana wa ngumi, na fundi yeyote aliyewahi kujaribu kuliziba alikimbizwa kwa ufagio. Tundu hilo ni mlango wa Babu. Babu ni chatu; huku kila chatu huitwa hivyo, kwa heshima ya mababu. Si lile joka la kumeza mbuzi. Chatu wa mji wetu huu wa Ouidah ni mfupi, mnene kama mkono wa muuza nyama, na akiogopa hujikunja kama mpira, kichwa akakificha katikati, akangoja dunia ipite. Ukimkuta njiani unavua kofia unamwamkia. Akiingia chumbani mwako unamtandikia. Akifa anavishwa sanda nyeupe anazikwa, na ninazo kumbukumbu za mjomba mmoja, simtaji jina, ambaye hakuliliwa nusu ya hivyo.

Mimi si mtu wa ukoo wa chatu kama mke wangu. Mimi ni Mmahi, mtu wa kabila jingine, wa Savalou, nilikuwa mshika taa wa reli mpaka reli yenyewe ikastaafu kabla yangu. Niliwahi kushuhudia Babu mmoja akijilaza juu ya reli, na dereva, ambaye naye alikuwa mtu wa chatu, akasimamisha treni na kukataa hata kupiga honi, asije akamwamsha. Abiria walishuka, wakapika maharage, wakala. Mama mmoja alijifungua mwana, na treni ilipoondoka yule mwana alikuwa anatambaa. Anayebisha akaulize treni.

Hadithi hiyo nimeisimulia miaka yote kwa sauti ya mtu anayewajua chatu. Ukweli ni kwamba sikuwahi kumgusa hata mmoja. Babu wa nyumbani kwetu nilikuwa namwamkia kutoka mlangoni, mguu mmoja nje.

Kisha Babu akafa, kwa uzee tu. Mke wangu, Houéfa, alimzika mwenyewe chini ya mchikichi, na tangu siku hiyo akawa anaweka bakuli la maji kando ya lile tundu kila jioni na kulimwaga kila asubuhi, bila kuguswa. Hakuja mwingine. Vichaka vyote vilivyotuzunguka vimekuwa nyumba za saruji. Chatu apite wapi? Na Babu hanunuliwi. Hilo hata mtoto anayenyonya huku analijua. Babu huja mwenyewe kwa miguu yake, na hapa naomba msinirekebishe. Atakayemnunua amemnunua babu yake sokoni, na nyumba yake haitakuwa na baraka.

Siku moja nilimkuta Houéfa ameketi juu ya kitanda, anafunga vitu kwenye furushi. Binti yetu Vignon, aliyeolewa Cotonou, alikuwa ametuita muda mrefu.

Nikamuuliza anakwenda kutembea siku ngapi.

"Siendi kutembea, Baba Vignon," alisema. "Nyumba isiyoingiwa na Babu ni nyumba iliyosahauliwa. Mvua zikianza na bakuli bado limejaa, nahama. Wewe ukitaka kubaki, ufunguo huo hapo."

Nilicheka, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, lakini yeye hakucheka. Nikatazama furushi lile limefungwa mafundo mawili. Nyumba ni ya mama yake. Huyo akishahama, mimi nitakuwa mlinzi wa tundu.

Basi asubuhi iliyofuata nilichukua taa yangu ya reli, ile yenye kioo chekundu na kijani, nikasema naipeleka mjini. Wakubwa wanaitaka kuiweka kwenye jumba la makumbusho. Houéfa akaniuliza reli imekufa, taa wanaitaka ya nini. Nikamwambia ndiyo maana wanaitaka. Nikapanda teksi kuelekea mpakani, kwa watu ambao kwao chatu ni chatu tu, na wanaomfuga kama kuku.

Mwenye shamba lile alikuwa mwanamke wa makamo anayeitwa Akouvi, mikono imejaa makovu ya meno madogo madogo, mdomo mkali kuliko hayo meno.

Nilimwambia mapema: sikuja kununua.

"Basi umekuja kuwaamkia," alisema. "Wako mia tatu, mzee. Anzia upande ule."

Nikamweleza habari ya mke wangu, furushi na bakuli. Alinisikiliza huku anaosha sanduku. Mwishoni alisema hataki fedha za mtu asiyenunua. Nimwachie kitu, naye aniachie kitu, na kila mmoja aseme amekopesha. Nikaweka taa mezani. Akaiwasha, akaizima, akaitundika msumarini, akaniuliza nataka wa namna gani.

Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo njia nzima. Babu mmoja akija anaweza kuondoka, au akafa, na furushi likafungwa upya. Kinachoiweka nyumba ni mayai. Nikamwambia nataka wa kuzaa.

Hapo uso wake ukabadilika, akavuta kigoda.

Mimi nilikwishamwona wangu: jike kubwa, rangi ya dhahabu kama pete ya arusi. Nikamnyooshea kidole, tena kwa mbali. Akouvi akatikisa kichwa. Yule kachimbuliwa shambani mwa mtu, na tangu afike hajatia kitu mdomoni. Amenuna kwa kuhamishwa. Nitamzika kabla sijamzoea. Nikamwonyesha mwingine mwenye mabaka meusi ya kupendeza. Huyo mkia mrefu, akasema, ni dume. Na ili nisidhani ananidanganya akachukua kijiti chembamba laini na kukiingiza taratibu kwenye tundu la chini ya mkia, kikazama mbali. Kwa jike hakizami hivyo.

"Watu wote huanza na uzuri," alisema. "Anza na jike, mzee. Dume ni kama bwana arusi, hata kesho utampata. Jike anakula miaka kukomaa, na ukimpa dume angali mwembamba, mayai yatamuua."

Akanipeleka kwa wa tatu. Rangi yake ilikuwa kama ya viazi vilivyochemshwa, na nyuma ya shingo alikuwa na doa mfano wa karanga. Huyu ameanguliwa hapo hapo shambani, hajui kichaka wala jembe. Amebakiza msimu mmoja kukomaa. Akouvi alimtupia panya, na kabla sijafumba macho panya alikuwa habari ya zamani. Kisha akanifundisha kazi. Nipitishe kidole mgongoni: mfupa usisimame kama paa la nyumba. Nimfunue mdomo: usiwe na mate ya kuvutika. Nitazame chini ya kidevu kama kuna kupe. Nimweke sikioni nisikilize pumzi, isipige filimbi.

Nikamwomba anisikilizie yeye.

"Sikio ni la nani?" aliuliza. "Nyumba ni ya nani? Mshike."

Akamweka mikononi mwangu. Alijikunja mpira papo hapo, na mmoja wetu alikuwa anatetemeka. Akouvi alisema si chatu. Nikasimama vile, nimefumba macho, nikimfikiria Houéfa anavyomwaga yale maji asubuhi. Muda si mrefu nikahisi mpira unalegea. Kichwa kikatoka, kikapapasa kiganja changu kama mtu anayetafuta miwani gizani, kikapata mkono wa shati, kikaingia humo kwenye joto na kutulia. Nikamsogeza sikioni. Pumzi haikuwa na filimbi.

Nikasema ni huyu.

Kabla ya kuniruhusu, alinionyesha alama: ncha ya gamba moja la tumboni ilikuwa imekatwa, upande wa kushoto. Wote wa shamba lake wanayo, majike kushoto, madume kulia. Haimuumizi, alisema, na hakuna anayeiona isipokuwa anayemgeuza. Nikajiambia, nani atamgeuza Babu?

Nilirudi naye ndani ya shati, amejizungusha tumboni. Katika teksi nilibanwa na mama mmoja mwenye kapu la samaki wa kukaushwa. Tulipofika njia ya mashimo, Babu alitoa kichwa kwenye ukosi wangu kuona nani anaendesha hovyo. Mama yule aliona. Akavua kilemba, akakitandaza kifuani kwangu, akamwambia dereva apunguze mwendo, kuna mzee humu. Dereva akasema wazee humu ni wengi. "Mkubwa kuliko wewe na baba yako," akajibiwa. Dereva akatupa jicho kwenye kioo, akazima redio, na tangu hapo tulikwenda polepole hivi kwamba konokono mmoja alitupita upande wa kulia, tena kwa dharau. Nauli ya Babu alikataa. Yangu akachukua.

Houéfa alikuwa sokoni. Nilimweka Babu kando ya tundu, akanusa, akaingia kama mwenye nyumba aliyerudi safari. Nikaketi uani kumenya muhogo, nikijizoeza kushangaa.

Aliporudi na kwenda kubadilisha maji, nilimsikia anatua kapu chini. Nilikimbilia ndani. Amepiga magoti, kilemba mkononi, na Babu amejilaza kando ya bakuli. Nilishangaa vizuri sana, pengine nilizidisha kidogo, kwa maana aligeuka akanitazama. Kisha akambeba Babu kwa mikono miwili kama mtu anavyobeba mtoto mchanga, akamgeuza, akamtazama tumboni kwa muda.

"Amechoka na safari," ndiyo yote aliyosema.

Halafu akaenda kwenye furushi, akafungua mafundo yote mawili, akatoa kitambaa cheupe akamtandikia. Vignon alipopiga simu, mama yake alimwambia kuna mgeni, haji.

Miezi ile ya mwanzo nilikuwa na hofu niliyoificha. Babu alikataa kula. Houéfa alisema mgeni huona haya kula mbele za watu, lakini mimi nilikumbuka lile jike la dhahabu. Nikajikuta mtu mzima, mstaafu wa reli, ninatega panya ghalani na kuwapeleka mmoja mmoja mlangoni pa tundu kama mtumishi wa hoteli. Siku alipokubali, nilitoka nje nikajimiminia sodabi, ile pombe kali ya mchikichi, kikombe kizima, na hakuna aliyejua nasherehekea nini.

Baada ya mavuno nilitafuta beseni letu kubwa, lile lililochorwa jogoo, ambalo Houéfa alipewa siku ya arusi na hakuruhusu mtu kuliosha isipokuwa yeye. Akasema amemwazima Vignon. Sikulifikiria zaidi. Siku hiyo hiyo jioni akaniita kutoka chumbani.

"Baba Vignon, njoo uone maajabu. Babu mwingine kaja mwenyewe."

Kweli, karibu na yule wetu alikuwapo mwingine, mwembamba, mkia mrefu. Houéfa alikuwa ameweka mkono mdomoni kwa mshangao. Ninaijua kazi ya kushangaa; ile ilikuwa imezidi kidogo. Alipotoka kuchota maji, nilimnyanyua yule mgeni, mikono yangu hii hii, nikamgeuza. Gamba la tumboni, ncha imekatwa. Kulia.

Nilikwenda kwa Akouvi siku chache baadaye, nikisingizia kumjulia hali. Msumarini ilining'inia taa yangu. Chini yake, limeegemezwa ukutani, beseni la jogoo.

Akouvi hakungoja niulize. Alisema alikuja mama mmoja, ameulizia mpaka wote shamba linalokata ncha ya gamba, naye hakuja kununua. Alitaka kwanza kujua mzee wa taa alichagua yupi, na alichaguaje. Kisha akaomba dume wa kumfaa jike yule: mzima, mlaji, na asiwe na maneno mengi kama mume wake.

"Nikamwambia chatu hawana maneno," Akouvi alisema. "Akasema, na mume wangu aliponioa hakuwa nayo."

Nilirudi nyumbani nikala akasa, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, na samaki. Houéfa aliniuliza taa ya reli inaendeleaje huko makumbusho. Nikasema imewekwa mahali pazuri, jirani na vyombo vya thamani.

Kiangazi kilichofuata Babu alitaga. Mayai sita, meupe, yameshikamana, naye amejizungusha juu yake hatoki hata kwa panya. Jirani yetu alikuja kutazama, akauliza tangu lini Babu anataga mayai. Houéfa alimjibu kwamba kama babu wa kwao hawezi, pole. Alipouliza chatu hao wawili wametoka wapi, mimi na mke wangu tulijibu kwa pamoja: wamekuja wenyewe.

Majuma yale Houéfa aliketi kando ya tundu akichambua maharage, anaongea na Babu kwa sauti ya chini. Alasiri moja aliniita nikae karibu. Akauchukua mkono wangu akauweka juu ya ule mviringo, juu kabisa, ambapo doa la karanga hupanda na kushuka kwa pumzi. Hatukuwahi kumgusa Babu pamoja, tangu tuoane.

"Mkono wako siku hizi hautetemeki," alisema. "Akouvi anasema ulitikisika kama behewa."

"Akouvi yupi?" niliuliza.

"Simjui," alisema mke wangu, akaendelea kuchambua maharage kwa mkono mmoja, maana ule mwingine alikuwa bado ameuweka juu ya wangu.