Mtoto Asiye na Miguu

Kitu cha kwanza alichokiona Syntiche ni kwamba yule mtoto hakuwa na miguu. Mama aliyembeba alikuwa anapita kwenye kijia cha nyuma ya Mokambo, mji wa mpakani, kitenge kimekazwa kifuani, mgongo umeinama. Lakini pale kiunoni, ambapo vinyayo viwili huchungulia, palikuwa patupu. Syntiche alirudisha video nyuma, akaisimamisha. Hakuwa mtoto. Ulikuwa mfuko wa unga wa mahindi kutoka Zambia, unaovushwa kwa siri bila ushuru. Mbebaji alipogeuza uso, Syntiche alimtambua: alikuwa mama mdogo Albertine, aliyemlea yeye na kaka yake tangu mama yao afariki.

Syntiche alikuwa ameacha Facebook tangu Pasaka. Shule aliiachia darasa la tano, na kila alipoandika neno, watu walilicheka. Basi alifunga ukurasa wake, akakaa na video za safari za zamani, za Kasenga na Mokambo, akizikata na kuziunga kwenye simu. Kazi hiyo haikumtaka aandike wala aseme. Ukurasa uliobaki nyumbani ulikuwa wa kaka yake, Chadrack, na leo mchana alikuwa amewaahidi wafuasi wake video ya Mokambo.

Mlango ulifunguliwa.

"Imeisha?" Chadrack aliinama juu ya bega lake. Alipoiona ile picha alipiga makofi. "Eh! Hapa njo tutaanzia! Bantu batacheka mpaka bataanguka. Mutoto wa bunga!"

"Yaya," alimwambia kaka yake, "ule iko mama mudogo."

"Najua. Njo maana iko muzuri."

"Kesho anarudia ile njia."

"Na kisha?"

"Si unasemaka hata ba douane ya Mokambo, bale banakamataka mizigo, banaangaliaka page yako?"

"Banaangalia, ndiyo!" Alijibu kwa fahari, kisha akasita. "Bon, habatamujua. Tuma kwa telefone yangu."

Nje uani, mama mdogo alikuwa anachekecha unga, akiimba wimbo wa misa. Mzigo wa kesho ukikamatwa, mtaji wote ungekwenda nao, na nyumba ile haikuwa na mtaji mwingine.

"Tufunike uso wake," Syntiche alisema polepole. "Na kile kijia tukikate."

"Ukifunika uso, batacheka nini? Kitenge?"

Aliinyooshea simu mkono. Syntiche alimwahi. Alibandua mfuniko wa nyuma kwa ukucha, akachomoa kile kikadi kidogo chenye video zote, akakifumba kiganjani.

Chadrack hakucheka tena.

"Leta."

Syntiche alitikisa kichwa.

"Minasema leta! Page iko yangu, video iko yangu. Weye hata primaire haukumaliza, utanifundisha nini?"

Alimshika kifundo cha mkono, akaanza kufumbua vidole vyake kimoja kimoja. Kucha zilimwingia Syntiche kwenye ngozi. Wimbo wa uani ulikatika.

"Batoto, munagombana nini?" Mama mdogo alisimama mlangoni, mikono myeupe kwa unga.

"Haiko kitu, mama," Chadrack alisema, tabasamu limemjaa, mkono bado umebana. "Anacheza tu huyu."

Syntiche aliujua ulimi wa kaka yake. Akinyamaza, Chadrack angeeleza kwa maneno matamu, mama mdogo angecheka na kukubali, maana hakuwahi kumnyima kijana huyo kitu. Kidole cha mwisho kilikuwa kinalegea. Akamtazama mama mdogo usoni, jambo ambalo hakulizoea, na sauti ikatoka na mikwaruzo:

"Mama mudogo, Yaya anataka leo kila muntu aone njia yako, na weye uko ndani na bunga mugongoni. Na haiko video yake. Kasenga, Mokambo, zote, anasemaka njo yeye alizipiga. Njo miye. Zote nilizipiga miye, hata hii, kwa mbali, bila kujua iko weye. Na hii siitoi."