Kitufe cha Kijani

Ofisini walimwita Vigezo, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Zabuni yoyote iliyotoka katika Ofisi ya Mafao ya Wastaafu, iwe ya viti, ya wino au ya jenereta, yeye ndiye aliyeandika kitu kinachotakiwa kiweje: urefu wake, uzito wake, rangi yake, nguvu yake. Mzabuni akileta kiti chenye mguu mmoja mfupi kwa unene wa kucha, Vigezo alikirudisha pamoja na aliyekileta. "Karatasi haioni haya," alipenda kusema. Wenzake walimcheka, na walimwogopa.

Nyumbani palikuwa na mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe alimwogopa: shangazi yake, dada wa baba yake, mkunga mstaafu aliyemlea tangu alipobaki yatima, mtoto asiyejua hata kufunga kifungo. Mikono ya mama huyo ilikuwa imepokea nusu ya mji. Watu wazima wenye mvi zao wakimwona barabarani walisimama na kumwamkia, "Shikamoo, Mama Mkunga." Walimwona wao. Yeye hakuwaona tena. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru polepole, kwanza pembeni, kisha katikati, kama mtu anayekunja mkeka na wewe bado umeukalia.

Upofu aliuzoea. Alichokataa kukizoea ni dirisha la uhakiki. Msimu wa uhakiki ukifika, kila mstaafu alitakiwa aje mwenyewe kuthibitisha kwamba yu hai, la sivyo mafao yake husimama. Wenye macho waliandika namba zao za siri kimyakimya, wakaondoka. Shangazi aliulizwa. Na kwa kuwa karani wa dirishani aliamini kwamba asiyeona hasikii pia, aliuliza kwa sauti ya mnadani: "Bibi! Namba yako ya siri!" Naye aliitaja, benchi zima likisikia.

"Mwanangu," alimwambia Vigezo jioni moja, wote wawili wamekaa sebuleni, "nimewastiri wanawake wa mji huu katika saa zao ngumu. Sijamtangaza hata mmoja. Leo siri yangu mimi inanadiwa kama mtumba."

"Vumilia kidogo, Shangazi. Tunanunua mashine. Utasimama mbele yake peke yako, hakuna wa kukuuliza kitu."

"Hiyo mashine inajua kwamba sioni?"

"Inaongea! Nimeandika kwa mkono wangu kwenye vigezo: mashine iwe na sauti kwa ajili ya wasioona."

"Haya. Ila nakujueni nyie. Mlango wa msalani pale kwenu mmebandika nukta nundu, halafu mkazifunika kwa kioo."

"Ni ili zisichakae, Shangazi."

"Zichakazwe na nini, we mtoto? Si na vidole vyetu?" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. "Mmenitundikia picha ya maandishi yangu."

Vigezo naye alicheka. Hakujua kwamba alikuwa ameonywa.

Mashine zikafika. Zilikuwa ndefu, nyeupe, kila moja imesimama kama mtu aliyevaa kanzu mpya, na uso wake wote kioo laini kisicho na tundu wala mwinuko. Zilipangwa ukumbini penye benchi refu, na mgeni rasmi alikuwa amekwisha kualikwa kuja kuzizindua Ijumaa. Kilichobaki ni kamati ya mapokezi: Mwenyekiti, Mhasibu na Vigezo. Kwa taratibu za ofisi ile, sahihi moja ikikosekana mzigo haupokelewi.

Walizikagua kama walivyozoea kukagua kila kitu. Mmoja anasoma, mzabuni anaonyesha, mwingine anatia alama.

"Iwe na skrini ya kugusa," Mhasibu akasoma.

Mzabuni, kijana mpole mwenye viatu vinavyong'aa, akagusa. Skrini ikawaka. "Ipo," akasema Mwenyekiti, akatia alama.

"Iwe na tundu la kitambulisho."

"Lipo nalo hilo."

"Iwe na sauti kwa ajili ya wasioona."

Mzabuni akagusa kona ya juu. Ndani ya mashine mwanamke akasema kwa sauti ya upole, "Karibu Ofisi ya Mafao."

"Ipo!" Mwenyekiti akatia alama kubwa kuliko zote.

Vigezo kifua kikamjaa. Pale pale angeweza kusaini, mambo yakaisha. Lakini alikuwa amemleta Shangazi, naye alikuwa amekaa kwenye benchi, gauni lake la sikukuu limepigwa pasi, fimbo yake nyeupe imelala magotini. Hakumleta kwa ajili ya ukaguzi. Alimleta kwa fahari, apate kumwonyesha alichomwandikia.

"Waheshimiwa, kabla ya sahihi, naomba mama yetu awe mstaafu wa kwanza kuitumia."

"Bila wasiwasi kabisa," akasema mzabuni. "Na si maonyesho tu, mzee. Tumeshaiunganisha na kumbukumbu halisi za wastaafu."

Shangazi akasogea. Mkono wake ukashuka ubavuni mwa mashine, ukalikuta tundu la kitambulisho kabla mtu hajafungua mdomo. Akakitia. Akatabasamu.

"Karibu," ikasema mashine. "Ili kuthibitisha kwamba u hai, gusa kitufe cha kijani."

"Cha kijani," Shangazi akarudia taratibu. "Nacho kiko wapi, mama?"

Mashine haikumjibu. Basi akafanya alichofanya maisha yake yote pale macho, yake au ya mwingine, yalipokuwa hayafai kitu: akanyoosha vidole atafute. Mikono ile iliwahi kutafuta bega la mtoto gizani, taa zimezimika, mama analia, na ikalipata. Lakini kioo kile hakikujua kutafutwa. Kwake kupapasa kulikuwa kuamuru. Kila mahali kidole kilipotua, kilihesabiwa kuwa kimesema.

"Umechagua kubadili anwani," ikasema mashine.

"Sijachagua kitu."

"Umechagua kurudi nyuma."

"Sirudi nyuma mimi!"

Mhasibu akacheka kidogo, kwa wema tu. Vigezo akasogea. "Kulia kidogo, Shangazi. Juu ya hapo."

"Usiniambie." Hakugeuza uso. "Ulisema hakuna wa kuniambia."

Kiganja chake kikateleza chini.

"Umechagua kutoa taarifa ya kifo cha mstaafu. Kuthibitisha, gusa tena."

Akashtuka, akauondoa mkono wa kulia. Lakini wa kushoto ulikuwa umeegemea kioo, kama mtu anavyoegemea ukuta, na mshtuko ukaukandamiza.

"Taarifa imepokelewa. Kitambulisho cha marehemu kitahifadhiwa. Poleni kwa msiba."

Ndani ya mashine kitu kikalia *klak*. Kitambulisho kikamezwa.

Kicheko kilimtoka Mhasibu kabla hajakizuia. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili na macho yakamlowa. Mzabuni akaangalia viatu vyake. Shangazi alibaki amesimama wima, mikono imening'inia, kana kwamba haijui tena kazi yake.

"Nimepokea wengi wakija duniani," akasema. "Sikujua kwamba kuondoka ni rahisi hivi."

Kisha akanyoosha mkono upande aliko Vigezo. "Nishike, mwanangu. Nirudishe kwenye benchi."

Tangu alipopofuka, hakuwahi kumwomba amshike.

Alipokwisha kumkalisha, Vigezo akarudi. Mwenyekiti akamvuta pembeni, karibu na dirisha la karani.

"Usidhani mimi sikuumia," akasema kwa sauti ya chini. "Mikono ile ndiyo iliyonipokea mimi. Lakini tusome ulichoandika wewe mwenyewe. Iwe na sauti. Ina sauti au haina?"

"Inayo."

"Basi kosa la nani?"

"Nimeleta mlichoandika, mzee," mzabuni akaongeza, bila kiburi, na ilikuwa kweli tupu.

Vigezo alikodolea macho ile alama kubwa kwenye karatasi. Aliandika sauti, akapewa sauti. Miaka yote alikuwa akiandika kitu kiweje, na hakuwahi kuandika mtu aweze nini. Kiti hakilalamiki ukikipima hivyo. Mtu si kiti! Damu ikampanda usoni, na hasira ikakosa pa kwenda ila kumrudia mwenyewe.

"Tupokee kwa masharti," akasema Mwenyekiti. "Marekebisho yaje baada ya uzinduzi."

"Mwenyekiti, tangu lini mzabuni aliyekwisha kulipwa akarudi?"

"Ijumaa tuna mgeni. Utamwambia nini?"

"Kwamba niliandika vibaya."

"Na mimi nitasema nini huko juu? Sikiliza, ndugu yangu. Ukikataa leo, hutaandika tena kigezo hapa, hata cha ufagio. Karatasi haioni haya. Si maneno yako hayo?"

"Ni yangu," akajibu Vigezo. "Karatasi haioni haya. Mimi naona."

Akachukua kalamu. Mahali pa sahihi akaandika: *Sikubali. Mstaafu asiyeona hakuweza kujihudumia.* Chini yake akaongeza sentensi moja, badala ya ile ya sauti: *Mtu asiyeona aweze kuanza na kumaliza peke yake, na mwingine asisikie siri yake.* Akampa Mwenyekiti karatasi, akaenda kumchukua shangazi yake.

Ijumaa mgeni rasmi hakuja. Mashine zilifunikwa maturubai, zikapakiwa, zikaondoka. Jumatatu Vigezo akapewa funguo za ghala, ahesabu mafagio ambayo wengine waliyaandikia vigezo. Jina likamfuata huko kama mzaha. "Vigezo, huu ufagio unaona haya?" walimuuliza wapagazi, naye aliendelea kutoa na kupokea.

Lakini Shangazi alikuwa bado amekufa. Mafao yake yalisimama, na njia ya kumfufua ilikuwa moja tu: dirishani. Vigezo aliomba ruhusa ghalani, akampeleka.

"Bibi!" karani akapaza sauti. "Humu inaonyesha umeshafariki!"

"Najua, mwanangu. Nilikuwepo."

Benchi likacheka. Karani hakucheka, alikuwa anatafuta ukurasa. "Haya, namba yako ya siri!"

Vigezo akainamisha kichwa. Shangazi akaitaja, tarakimu kwa tarakimu, sauti yake imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Akahesabiwa hai tena, akapewa kitambulisho kingine. Walipotoka nje, jua kali, alisimama kwenye ngazi kuvuta pumzi.

"Nisamehe, Shangazi. Nimezikataa mashine, na wewe nimekurudisha pale pale."

"Na cheo wamekunyang'anya."

"Wamekinyang'anya."

Akafikiri kidogo, ncha ya fimbo ikigongagonga ukingo wa ngazi. "Ungesaini, mwanangu, ningekufa kila msimu."

Wakashuka.

Mvua zikaja, zikapita. Asubuhi moja lori likarudi nyuma mpaka mlangoni pa ghala, na wapagazi wakashusha kitu kirefu kilichofungwa maturubai. Moja tu, ya majaribio. Mwenyekiti alikuja nyuma yake kwa miguu, akasimama kizingitini kana kwamba ghala lilikuwa sebule ya mtu.

"Sentensi yako niliipeleka," akasema. "Neno kwa neno. Sitakudanganya, cheo sina uwezo wa kukurudishia. Lakini safari hii sitii alama mimi. Mlete Mama Mkunga."

Vigezo akamleta. Chini ya kioo sasa palikuwa na safu za vitufe vya kubonyeza, vigumu, vilivyoinuka. Cha katikati kilikuwa na nundu ndogo, na pembeni palikuwa na tundu la hedifoni. Shangazi hakuvaa gauni la sikukuu. Alikuja na nguo zake za nyumbani, na uso wa mtu asiyetarajia kitu.

Akapapasa. Mashine ikakaa kimya, ikamwacha apapase. Akakuta tundu la kitambulisho, akakuta la hedifoni, akakuta kile chenye nundu, akarudi akakigusa tena bila kukibonyeza, kama anayesalimiana nacho. Akavaa hedifoni. Akabonyeza.

Ghalani hapakusikika kitu. Mwenyekiti alikunja mikono. Vigezo aliona midomo ya shangazi yake ikitikisika kidogo, vidole vikienda kushoto, vikirudi, vikisimama. Uso wake ukawa ule wa zamani, wa mlango wa chumba cha uzazi, aliokuwa akiutoa nje kidogo kuwaambia wanaume wangoje.

Vigezo akashindwa kuvumilia. "Inakwambia nini, Shangazi?"

Akainua mkono mmoja kumnyamazisha, na wa pili ukaendelea kubonyeza.

"Hayakuhusu," akasema.