Kabla Miavuli Haijafunguka

Chombo cha anga kilinyamaza kikiwa juu ya Meksiko, kama tulivyojua kingenyamaza. Kinapokata hewa kwa kasi ile, moto hukizunguka pande zote, na redio haisikii wala haisemi. Ukumbini Houston kila mtu aliinamia skrini yake. Mimi sikuwa na skrini. Mkuu wa shirika la anga hana kitufe cha kubonyeza wakati kama ule. Anapewa kiti nyuma ya kioo, na kahawa.

Kahawa yangu ilikuwa imepoa. Ndani ya chombo walikuwamo Curtis Odom na Yolanda Breaux, na mimi ndiye niliyewachelewesha kurudi.

"Hujaionja kahawa yako, Royce," alisema Geraldine Pruitt, aliyesimama kando yangu.

"Yako je?"

"Yangu nimeificha nyuma ya kiti chako."

Geraldine alikuwa msimamizi wa safari za wanaanga, na hakuwahi kunitaka. Nilipoteuliwa aliwaambia waandishi wa habari kwamba kazi ile inataka mhandisi, si mwanasiasa anayetafuta pa kupumzikia. Sikumlaumu. Nilizaliwa Enid, Oklahoma, penye ngano na upepo, nikaingia jeshi la majini nikarusha ndege kutoka kwenye manowari. Kisha nikagombea ubunge, nikashinda kwa sababu picha yangu ya sare ilipendeza na nilijua kupeana mikono kwenye milango ya makanisa. Bungeni nilijifunza kuzimaliza dakika zangu zote bila kusema kitu. Jina langu lilipofika Seneti kuthibitishwa, kura zilikaribiana mno, hadi Seneta Lyle Haverkamp aliposema ndiyo. Baadaye alinishika bega koridoni.

"Sasa wewe ni mtu wangu, kijana," alisema, akicheka. Nami nikacheka.

Kiangazi kile alikuja kuchukua chake. Wanaanga walipangiwa kutua Julai nne, sikukuu ya taifa, na Seneta alikuwa ameandaa sherehe jimboni kwake: bendi, mbavu za kuchoma, skrini kubwa uwanjani. Siku moja kabla, Geraldine aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi. Valvu moja ya injini za kuelekezea chombo ilikuwa inachelewa kuitika.

"Inaweza isiwe kitu," alisema. "Inaweza pia kuwageuza vibaya, wakaungua. Nataka muda wa kuipima. Wakae hukohuko juu."

Kuwaacha juu nako kulikuwa na hatari yake. Kimbunga kilikuwa kinajikusanya Karibiani. Kama kingeingia Ghuba ya Meksiko, tusingekuwa na pa kuwatulisha.

"Na ukiwa umekosea?"

"Utaaibika wewe. Ndiyo faida ya kuwa na mwanasiasa."

Simu ikaita kabla hajatoka. Sauti ya Haverkamp ilijaa chumba.

"Royce, nasikia maneno maneno. Nina uwanja mzima wa watu na mbavu ziko motoni. Rubani mzima, unaogopa valvu?"

Swali lile lilinirudisha Pasifiki, asubuhi moja ya ujana wangu. Nilikuwa nashusha ndege kwenye sitaha ya manowari, mafuta yakielekea kuisha, wenzangu watatu wamekaa nyuma yangu, na sitaha imenijaa machoni, imenyooka, safi. Ofisa anayesimama ukingoni kuwaongoza marubani alipiga kelele redioni: "Pandisha! Pandisha!" Sikuona kosa lolote. Nilikasirika, lakini mkono ulikuwa umeshatii. Nilipozunguka na kutua, niliambiwa kwamba waya unaoidaka ndege haukuwa umekazwa; ungeniachia nikadumbukia baharini. Nilimfuata ofisa yule, Dombrowski, nikamuuliza alijuaje.

"Wewe ulikuwa unaiangalia sitaha," alisema. "Mimi niliangalia waya." Akaondoka kwenda kula.

"Ndiyo, Seneta," nilimjibu Haverkamp. "Naogopa. Hawashuki kesho."

Aliniambia atakachoifanyia kazi yangu, akakata simu. Geraldine alikuwa ameshafika mlangoni.

"Nitakuletea majibu," alisema, akatoka.

Magazeti yalinila nyama. La kwetu Oklahoma lilinichora nimejificha chini ya meza, valvu ndogo yenye miguu ikinifukuza. Marlene, mke wangu, aliikata picha ile akaibandika kwenye friji. "Angalau masikio yako wameyapatia," alisema. Mafundi wa Geraldine walipata njia ya kuizunguka valvu ile. Kimbunga kikapinda kuelekea Yukatani. Nikasema washuke.

Na sasa kimya. Kilirefuka kupita tulivyozoea, au labda nilikirefusha mimi. Nilimsikia Geraldine akivuta pumzi, asiitoe. Kisha mkwaruzo, na sauti ya Yolanda, nzito, kama mtu aliyeamshwa.

"Houston, tupo. Kuna joto humu, lakini tupo."

Miavuli minne ilifunguka juu ya maji ya buluu. Sikusikia vigelegele vya ukumbi. Nilisikia tu hewa ikinitoka, hewa niliyokuwa nimeibana tangu simu ya Seneta, kwa utamu ambao sijaupata tena.

Baadaye wahandisi waliifungua valvu wakabishana. Nusu walisema ingeitika, nusu wakasema ingekwama. Haverkamp alitimiza neno lake, na mwaka uliofuata nilikuwa Enid, nimevaa buti za shamba. Sijawahi kulala vizuri namna ile.

Lakini mchana ule kazi moja ilikuwa imebaki. Mama yake Curtis, Bi Earline Odom wa Natchez, Mississippi, alikataa kuja Houston, akakataa hata kuwasha televisheni. Nilimpigia mwenyewe. Nilisikia mafuta yakichachatika. Alikuwa anakaanga samaki.

"Mama, ni Royce Kettler. Curtis ameshuka. Yuko majini, mzima, analalamika kwamba anasikia kichefuchefu."

Jiko likazimwa, mafuta yakatulia polepole, kiti kikaburutwa sakafuni.

"Sema tena, mwanangu," alisema. "Usiharakishe."

Nikavuta kiti changu nami, nikakaa, nikaanza upya.