Fundi wa Upande wa Pili wa Simu

Mwalimu Nasinkoi aliwasha kompyuta yake nyumbani Handeni, akasikia feni ikivuma, kisha kimya. Akangoja. Akabonyeza kitufe hiki na kile. Kimya kile kile. Wiki iliyotangulia alikuwa ameipeleka Korogwe kwa fundi Muhidini itolewe virusi, na fundi alimhakikishia kwamba sasa ni nzima. Kwa anayeona, kweli ilikuwa nzima. Kwa Nasinkoi, aliyepoteza macho kwa surua akiwa bado mtoto wa kuchunga ndama, lilikuwa sanduku la bati tu.

Kompyuta hiyo alikuwa amepewa na mradi mmoja wa Tanga uliowafundisha walimu wasioona kutumia kompyuta. Ndani yake mlikuwa na programu iliyosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Kiswahili ilikisoma kama Mzungu aliyeshuka jana kwenye ndege, lakini sikio la Nasinkoi lilikwisha kuizoea. Kwa sauti ile alianza kuchapa mitihani ya wanafunzi wake na kuirudia mwenyewe, bila kumwomba mtu amsomee.

Kesho yake alipanda basi na mdogo wake Sipora, kompyuta ikiwa imefungwa kwenye kitenge, mpaka Korogwe. Dukani kwa Muhidini kulinuka risasi iliyoyeyushwa ya kuungia nyaya, na nje wapiga debe walikuwa wakiita abiria wa Segera.

"Shikamoo mwalimu. Imekuwaje tena?"

"Marahaba, fundi. Haisemi."

"Haisemi?" Muhidini akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Kile kilichokuwa kinaongea? Mwalimu, kilikuwa kinataja kila ninachogusa! Nikajua ni kirusi kipya. Nikakifuta."

"Ndicho ninachosomea, fundi."

Nasinkoi alimsikia akivuta pumzi. Hakuweza hata kumkasirikia. Naye, kabla ya kwenda Tanga, hakuwa amewahi kusikia kitu cha namna hiyo. Akatoa mkobani diski aliyopewa na mradi. Muhidini akairudisha programu, akihangaika na kipanya huku akinong'ona maneno ya Kiingereza yaliyomtokea kwenye skrini. Mwishowe akasema imeingia, anaiona. Lakini haikutoa sauti.

"Kuna namba ya simu hapa kwenye kasha la diski," Sipora akasema. "Wameandika msaada kwa watumiaji."

Nasinkoi aliijua namba hiyo, ila siku zote aliogopa. Alidhani atapokea Mzungu. Sasa hakuwa na njia nyingine. Muhidini akapiga, akaweka simu yake kwenye kipaza sauti, na Nasinkoi akaanza kujieleza kwa Kiingereza alichokipanga kichwani.

"Sema Kiswahili tu, dada yangu," sauti ya mwanamume ikamkatiza kwa upole. "Naitwa Semboja, niko Dar es Salaam. Kompyuta yako imekuwaje?"

Nasinkoi akamweleza yote. Semboja hakucheka. Akasema, "Fundi, tafadhali achia kipanya. Mwalimu, shika kibodi wewe. Mstari wa chini, kitufe cha pili kutoka kushoto. Kishike, ubonyeze R." Akamtajia neno la kuandika, herufi moja moja. "Sasa kimefunguka kisanduku chenye vidude vya kupandisha na kushusha sauti. Siyo, fundi?"

"Kimefunguka!"

"Cha kwanza kushoto kiko juu?"

"Kiko juu."

"Na kinachofuata?"

Muhidini akainamia skrini. "Kiko chini kabisa. Siku ile ilinipigia kelele sana, nikakishusha. Nikasahau."

"Usikiguse. Mwalimu, kifikie wewe kwa kitufe cha Tab, kama nitakavyokwambia." Akamwongoza kitufe kwa kitufe. "Hapo hapo. Shikilia mshale wa juu."

"Nitajuaje pa kuachia?"

"Utasikia mwenyewe."

Nasinkoi akashikilia. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha, kwa mbali, kama mtu anayesema chini ya blanketi, ikaja sauti ikitaja tarakimu. Kila tarakimu ilikuja na nguvu kuliko iliyotangulia, mpaka Mzungu wake akajaza duka zima.

"Kaka," Muhidini akauliza, "wewe una skrini kama hii mbele yako?"

"Sina skrini. Mezani kwangu kuna kibodi na spika. Mimi sioni, tangu kuzaliwa."

Nasinkoi aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Maisha yake yote, kitu kikiharibika, alitafutwa mwenye macho. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba fundi mwenyewe anaweza kuwa mtu kama yeye, aliyekaa mahali huko Dar, akiikumbuka kichwani kila pembe ya kitu asichokiona.

"Sogeza simu kwenye spika, mwalimu," Semboja akasema. "Fungua kazi yako yoyote nisikie."

Akafungua mtihani wa darasa la tano. Semboja akamwonyesha vitufe vya kuongeza kasi, tena na tena, mpaka sauti ikawa kama mahindi yanayomwagwa kwenye sinia. Sipora akaguna. Nasinkoi mwenyewe hakuambulia hata neno.

"Mwalimu," Semboja akasema ilipokwisha, "swali la nne umeliandika mara mbili."

Nasinkoi akapunguza kasi, akarudi, akasikiliza. Kweli, lilikuwa mara mbili.

"Huwa unasikiliza hivyo kila siku?"

"Kila siku. Jana nilikuwa simuni na mama mmoja wa Songea, asiyeona kama sisi, ananishinda kasi. Utazoea tu."

Mama mmoja wa Songea. Nasinkoi aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo, huku simu ikikatika, naye Muhidini akiguna kwa mshangao na kumwomba yeye amweleze vitufe vile ili naye ajue. Sipora akamkumbusha kwamba basi la Handeni litajaa.

"Ngoja kidogo," Nasinkoi akasema.

Akairudisha kasi ile, akainama karibu na spika. Mahindi yakamwagika. Akarudia. Mara ya tatu akanasa neno moja, "mto", na kabla hajaliachia, jingine.